Kosa Si la Mkono: Unadhifu wa Kupaka Rangi Sanamu Ndogo

Kila anayejaribu kupaka rangi sanamu ndogo, awe anashughulikia askari wa hadithi mwenye mabawa, joka la plastiki au gorila wa mti anayetoshea kiganjani, hufika mahali pa kuuliza swali lilelile: kwa nini rangi inavuka mpaka, inaziba macho na kuacha mabonge, ilhali mkono ulitulia na uvumilivu haukukosekana? Swali hilo huulizwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kama linavyoulizwa kwingineko, na mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujijibu kwamba hakujaliwa mkono wa kazi hiyo. Sura hii inapinga jibu hilo. Inaeleza kwamba sehemu kubwa ya unadhifu huamuliwa na unene wa rangi, na utaratibu wa kazi, na namna makosa yanavyofutwa, na kwamba utulivu wa mkono, ingawa una nafasi yake, hushika mkia katika orodha ya sababu.

## Sanamu zinazozungumziwa

Sanamu ndogo, kwa maana inayotumika hapa, ni umbo la mtu, mnyama au kiumbe wa kubuniwa linaloweza kusimama juu ya kiganja, lililochongwa kwa mti au mfupa, au lililomiminwa kwa madini, plastiki au resini, yaani utomvu wa viwandani unaomiminwa ukiwa kioevu kisha ukagandia ndani ya kalibu. Maumbo ya namna hiyo yalipata wapenzi wengi katika nchi za Magharibi baada ya mwaka 1974, ulipochapishwa nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji wake huketi mezani na kusimulia safari za mashujaa, wachawi na majoka. Mwaka uliofuata kampuni ya Games Workshop ilianzishwa jijini London, na mwaka 1983 ikatoa Warhammer, mchezo wa vita vya kubuniwa unaohitaji majeshi mazima ya sanamu ambazo mchezaji huziunganisha na kuzipaka rangi mwenyewe. Huko ndiko yanakotoka maelezo mengi ya ufundi ambayo kijana wa Ibanda au Kadutu, mitaa ya Bukavu, hukutana nayo kwenye simu yake, na ndiyo sababu maelezo hayo hudhani kwamba msomaji ana duka la rangi maalumu jirani, umeme usiokatika, na sanamu yenye ngozi ya waridi.

Kivu ya Kusini, mkoa wenye mji wa Bukavu, hata hivyo, haikungoja michezo hiyo ndipo ijue sanamu za kiganjani. Warega wa Mwenga na Shabunda, katika chama chao cha Bwami ambacho wanachama wake walipanda madaraja kwa mafunzo na kwa gharama, walitumia sanamu ndogo za mti, mfupa na pembe za ndovu kama vielelezo vya mafundisho ya maadili. Miongoni mwa sanamu hizo imo Sakimatwematwe, mtu mwenye vichwa vingi, anayewakilisha hekima ya mzee atazamaye pande zote bila upendeleo; kwa upande wa ubunifu, joka la mezani halimzidi kitu. Utawala wa Wabelgiji ulikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na kazi nyingi za mafundi wake zimehifadhiwa leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Anayezitazama kwa jicho la fundi huona kwamba uzuri wa juu wa kazi hizo umetokana na kusuguliwa, kutiwa mafuta na kushikwashikwa kwa miaka, na kwenye vinyago vya uso umetokana na udongo mweupe uliopakwa na kurudiwa, na ni nadra sana kukuta kazi inayotegemea mstari mwembamba wa rangi.

Karibu zaidi na wakati huu, wachongaji wanaoishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 kaskazini-magharibi mwa Bukavu, wamekuwa wakichonga gorila wa mti kwa ajili ya wageni. Pole Pole Foundation, shirika lililoanzishwa na John Kahekwa mwaka 1992, lilifanya uchongaji huo kuwa mojawapo ya njia za kuwapatia kipato watu waliokuwa wakiwinda ndani ya hifadhi. Gorila huyo wa mti, ambaye kwa kawaida huachwa na rangi ya mti wenyewe au hupakwa nyeusi tupu, atatumika mbele kidogo kama zoezi, kwa kuwa mgongo wake unafundisha mbinu moja muhimu kuliko joka lolote.

## Hesabu ya unene

Sanamu nyingi za michezo zina kimo cha karibu milimita 28. Mtu mzima wa sentimita 170 akipunguzwa hadi kimo hicho, huwa amegawanywa kwa 60 hivi, na kila kinachomgusa kinapaswa kupimwa kwa kipimo hichohicho. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo ukutani hakuna anayeliona, likiwa juu ya sanamu hiyo ni sawa na lipu ya milimita 6 iliyokandikwa usoni mwa mtu, na unywele mmoja wa binadamu uliogandia ndani ya rangi huonekana kama kamba nene ya viatu. Kichwa kizima cha sanamu kina milimita 4 au 5 tu, kwa hiyo jicho halifiki milimita 1, na mfereji unaotenganisha kope na shavu huzibwa na tone ambalo mpakaji hakujua hata kama amelidondosha.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini mkono imara haumwokoi anayepaka rangi nzito. Mchongaji au kiwanda kimekwisha kuweka mipaka yote kwenye sanamu: mkanda umeinuka juu ya kanzu, vidole vimetenganishwa, nywele zina mifereji yake. Rangi nyepesi hufuata mipaka hiyo yenyewe na kusimama ukingoni, lakini rangi nzito huifunika, na ikishafunikwa, mpakaji analazimika kukichora upya kwa ncha ya brashi kitu ambacho tayari kilikuwa kimechongwa. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayohitaji mkono wa ajabu, na wengi hushindwa nayo bila kutambua kwamba wamejitakia wenyewe.

## Kabla ya rangi

Sanamu ya plastiki au resini hutoka kalibuni ikiwa na utelezi wa mafuta yaliyowekwa ili isinate, na rangi ya maji ikikutana na mafuta hayo hujikusanya kuwa matone. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu, kisha kuiacha ikauke kabisa. Mistari myembamba iliyobaki mahali pande mbili za kalibu zilipokutana huparwa kwa wembe au kisu kidogo, kwa sababu mstari ambao hauonekani kwenye plastiki tupu hujitokeza wazi mara tu rangi inapopakwa.

Mti una tabia tofauti, na mchongaji wa Kivu anaijua kuliko mwandishi yeyote wa Ulaya. Nyuzi za mti zikiguswa na maji husimama, na sanamu iliyokuwa laini kabla ya kupakwa hugeuka ya kukwaruza baada ya tabaka la kwanza. Fundi mwenye subira huzisimamisha nyuzi hizo kwa makusudi: hupitisha kitambaa chenye unyevu juu ya sanamu, huiacha ikauke, kisha huipiga msasa laini, namba 240 kwanza na 400 baadaye, na kurudia mpaka nyuzi zikome kusimama. Mti uliokatwa karibuni na ambao haujakauka ndani ni afadhali uachwe kwanza, kwa kuwa ukija kujikunja au kupasuka utapasuka pamoja na rangi yake.

Baada ya hapo huja praima, yaani tabaka la kwanza ambalo kazi yake ni kushikana na sanamu ili rangi zinazofuata zipate mahali pa kushika. Praima nyeupe hufanya rangi zing'ae lakini huonyesha kila mahali palipokosewa; nyeusi huficha makosa ndani ya mifereji lakini hufifisha njano na nyekundu; ya kijivu hukaa katikati, na kwa anayeanza ndiyo inayofaa. Praima ya kopo la kupuliza haielewani na hewa yenye unyevu mwingi, kwa kuwa hugeuka ya ungaunga, na Bukavu, mji ulio kando ya ziwa, wenye mvua kuanzia Septemba hadi Mei, una siku nyingi za namna hiyo. Kupaka kwa brashi, kwa tabaka jepesi, huchukua muda mrefu zaidi lakini hakutegemei hali ya hewa.

## Rangi ipi, na maji kiasi gani

Rangi yoyote ina chembe za unga wenye rangi zinazoelea ndani ya kioevu pamoja na gundi ya kuzishikiza. Rangi za akriliki, ambazo ndizo zinazotumika zaidi kwa sanamu ndogo, zina gundi ya chembe za plastiki zilizomo ndani ya maji. Maji yakivukiza, chembe hizo huungana kuwa utando mmoja, na utando huo ukishakauka hauyeyuki tena kwa maji. Kwa sababu hiyo tabaka la pili linaweza kupakwa juu ya la kwanza bila kulivuruga. Rangi ya mafuta hukauka kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na jambo hilo huchukua saa nyingi.

Wanaotumia rangi ya mafuta hawajakosea kwa hilo tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za viwandani, na mtindo uliobaki na jina lake unasifika kwa mipaka safi na nyuso zisizo na alama za brashi. Siri yake ni kwamba rangi hiyo hukawia kukauka, na katika kukawia huko hujisawazisha yenyewe. Juu ya ubao ulio bapa sifa hiyo ni neema. Juu ya uso wenye pua ya milimita moja, rangi inayojisawazisha huteremka na kujaza mifereji yote. Kwa hiyo mafuta yanafaa kwa sanamu ya mti ya kimo cha sentimita 15 au zaidi, yenye nyuso pana, na kwa sanamu ndogo kuliko hiyo ni bora kutumia akriliki.

Rangi ya maji ya kupakia kuta, ambayo hupatikana kirahisi na kwa bei nafuu, inajaribiwa na wengi. Ina unga mwingi wa chaki wa kuongeza ujazo, kwa hiyo ikiongezwa maji hupoteza nguvu ya kufunika na kuacha punje. Ikichujwa kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni inaweza kufaa kwa sehemu pana za sanamu ya mti, lakini usoni haifai.

Kuhusu maji, hakuna kipimo kimoja, kwa kuwa kila chupa ina uzito wake. Kipimo kinachoaminika ni ukucha wa kidole gumba: mpakaji huvuta mstari mmoja juu yake, na iwapo mstari umeacha matuta ya nywele za brashi, rangi ni nzito, iwapo umekimbilia wenyewe pembezoni mwa ukucha, rangi ni nyepesi mno, iwapo umekaa ulipowekwa na bado ukucha unaonekana kwa mbali chini yake, rangi iko tayari. Tabaka la kwanza la rangi ya namna hiyo daima huwa baya kulitazama, lenye mabaka na lisilofunika, na hapo ndipo wengi hupoteza imani na kurudi kwenye rangi nzito. Tabaka la pili hufunika karibu kila mahali, na la tatu, likihitajika, humaliza. Njano, nyeupe na nyekundu hudai matabaka mengi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo ni busara kuanza na kahawia isiyokolea chini ya njano.

Rangi nyepesi hukauka haraka juu ya sahani, na hilo hutibiwa kwa kibao chenye unyevu: kopo pana la plastiki lenye kifuniko, kitambaa au sifongo iliyoloweshwa chini, na juu yake karatasi ya kuokea mikate, ambayo hupitisha unyevu kidogo kidogo. Rangi iliyowekwa juu ya karatasi hiyo hukaa saa nyingi, na kopo likifunikwa hufika hata kesho yake. Katika miezi ya mvua kitambaa hufanya ukungu upesi, kwa hiyo kinahitaji kufuliwa mara kwa mara.

Kwa ufupi: matabaka mawili mepesi hushinda moja zito, tabaka la pili lingoje la kwanza likauke kabisa, na wakati wa mvua lingoje zaidi, kwa kuwa rangi iliyokauka juu tu huchanika ikiguswa na brashi yenye maji.

## Brashi, mwanga na mkao

Anayetaka kupaka jicho hununua brashi ndogo kuliko zote dukani, na hilo ni kosa linaloeleweka. Brashi yenye nywele chache hubeba rangi kidogo sana, na rangi hiyo hukauka njiani kabla haijafika jichoni. Brashi ya namba 1 yenye tumbo la kubeba rangi na ncha kali hufanya kazi ya jicho na ya kanzu pia, mradi ncha yake itunzwe. Rangi isifike kwenye pete ya bati inayoshika nywele, brashi isiachwe imesimama kichwachini ndani ya kopo la maji, na mwisho wa kazi isuguliwe taratibu kwenye kipande cha sabuni, iundwe ncha kwa vidole na kulazwa. Brashi za nywele za plastiki hupinda ncha zikawa ndoana baada ya muda. Zikifika hapo hazitupwi, hutengwa kwa kazi ya kuchanganya rangi na kwa mbinu ya brashi kavu, itakayoelezwa mbele.

Wapo wanaounda ncha kwa midomo. Jambo hilo lina historia mbaya: katika mji wa Orange, New Jersey, kuanzia mwaka 1917, wasichana waliopaka tarakimu za saa kwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa miali, walielekezwa kunoa brashi kwa midomo, na wengi wao waliugua na kufa. Rangi za sanamu hazina radiamu, lakini nyingine zina madini ambayo hayafai kuingia tumboni, na baadhi ya rangi za mafuta katika nchi nyingi bado zina risasi. Tina na petroli, vinavyotumika kuyeyusha rangi ya mafuta, visifunguliwe karibu na jiko la makaa wala ndani ya chumba kilichofungwa.

Mwanga bora ni wa dirishani, asubuhi, ukitokea upande wa pili wa mkono unaoshika brashi ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya kazi. Balbu ya manjano hudanganya: bluu huonekana ya kijani, na rangi iliyochaguliwa usiku hushangaza mchana. Taa nyeupe ya betri au ya sola husaidia umeme unapokatika, lakini kuchanganya rangi ya ngozi ni kazi ya kungojea jua.

Na mkono? Sanamu hugandishwa kwa gundi juu ya kizibo au kipande cha mti, ili ishikwe pasipo kuguswa. Viwiko huwekwa mezani. Sehemu za chini za viganja hukutanishwa, ili mkono unaoshika sanamu na ule unaoshika brashi itetemeke pamoja, na ikitetemeka pamoja haionekani kutetemeka. Mstari mwembamba huvutwa pumzi ikitoka. Hayo ndiyo yote yaliyopo kuhusu mkono, na hujifunzwa kwa siku moja.

## Utaratibu

Kanuni ya kupanga kazi inatokana na swali moja: kosa likitokea hapa, litaangukia wapi? Sehemu zilizo ndani kabisa, kama ngozi chini ya kanzu, zikipakwa mwisho huchafua kila kilicho juu yake, kwa hiyo hupakwa mwanzo, kama mtu anavyovaa fulana kabla ya shati. Mbinu zinazotapakaza rangi nazo hutangulia zile za mstari. Mfuatano unaotokea ni huu:

1. Praima, kisha sehemu zote zitakazopakwa kwa brashi kavu.
2. Ngozi, kuanzia mashimoni.
3. Nguo za ndani, nguo za nje, mikanda, silaha.
4. Mchuruziko, yaani rangi nyeusi au ya kahawia iliyotiwa maji mengi, ambayo huteremka yenyewe kwenye mifereji na kuacha vivuli.
5. Kurudia rangi ya awali kwenye sehemu zilizoinuka, kisha kuangaza kingo.
6. Macho, na usafishaji wa mipaka.
7. Kitako cha sanamu na vanishi.

Mchuruziko unastahili neno zaidi kwa sababu ndio unaoharibu sanamu nyingi zilizokuwa zikiendelea vizuri. Anayeupaka juu ya sanamu nzima na kuondoka hukuta madimbwi yaliyokauka na alama za ukingo kwenye sehemu bapa. Upakwe kwenye mifereji, na mara unapotuama, brashi safi yenye unyevu kidogo iunyonye. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya kikombe cha maji ya kuchanganyia hupunguza tabia ya maji kujikunja kuwa matone. Sabuni ikizidi hutoa povu, na povu likikauka huacha vitundu.

Rangi za dhahabu na fedha zina vipande vidogo vinavyometameta, ambavyo husafiri kwenye maji ya kusuuzia na kuishia usoni mwa sanamu, kwa hiyo huwa na kikombe chao.

## Mgongo wa gorila

Dume la gorila aliyekomaa ana manyoya meusi yenye mgongo wa fedha, na mpito kati ya rangi hizo mbili hauna mpaka. Anayejaribu kuupaka kwa kuchora mstari wa kijivu humfanya mnyama aonekane amevikwa blanketi. Njia inayofaa ni brashi kavu: brashi kuukuu yenye nywele fupi huchovywa kwenye rangi isiyotiwa maji, hufutwa kwenye kitambaa mpaka iwe kana kwamba haina kitu, kisha hupitishwa haraka juu ya manyoya yaliyochongwa, ikivuka mifereji badala ya kuifuata. Rangi hushika vilele pekee, na mashimo hubaki meusi.

Rangi ya awali isiwe nyeusi tupu, kwa kuwa nyeusi tupu haiachi nafasi ya kivuli. Nyeusi iliyochanganywa na bluu kidogo au kahawia huonekana hai zaidi. Juu yake hupita kijivu kilichokolea kwa mgongo wote, halafu kijivu cha wastani kwa sehemu ndogo zaidi ya katikati, na mwisho kijivu kinachokaribia nyeupe kwa mgusano wa mara mbili tatu tu. Kila mzunguko hufunika eneo dogo kuliko uliotangulia. Baada ya hapo uso, kifua na viganja, ambavyo ni ngozi isiyo na manyoya, hupakwa upya kwa nyeusi yenye mng'ao kidogo, na vumbi lote la kijivu lililoruka juu yake hutoweka. Mchongaji akiwa amechonga manyoya kwa mikwaruzo ya kina, mbinu hii huchukua dakika chache. Akiwa amelainisha mgongo wote kwa msasa, haitafanya kazi kabisa, kwa hiyo ni vema mchongaji na mpaka rangi wakubaliane mapema.

## Ngozi nyeusi, na macho yake

Maelezo mengi yanayopatikana yanafundisha ngozi ya Mzungu, na msanii wa Bukavu anayeyafuata kwa kubadilisha rangi ya awali tu, yaani kuweka kahawia mahali pa waridi, hupata uso uliopauka. Sababu iko kwenye kuangaza. Ngozi nyeupe huangazwa kwa kuongeza nyeupe. Ngozi ya kahawia ikiongezwa nyeupe hugeuka ya kijivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta wakati wa kiangazi. Badala ya nyeupe, mchanganyiko huongezwa rangi ya machungwa au njano ya udongo, na vivuli, badala ya kutiwa nyeusi, hutiwa bluu au zambarau iliyokolea. Kahawia yenyewe ni bora ichanganywe kwa nyekundu, njano na bluu kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo huweza kusogezwa upande wa wekundu kwa mtu mmoja na upande wa weusi kwa mwingine, ilhali kahawia ya chupa humpa kila shujaa mama mmoja.

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa mng'ao kuliko kwa weupe. Hivyo doa dogo la rangi ya machungwa isiyokolea kwenye kipaji cha uso, juu ya mfupa wa shavu na kwenye ncha ya pua hufanya kazi kubwa kuliko tabaka zima la rangi nyepesi. Mahali pa kuweka madoa hayo hapahitaji kitabu. Bukavu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na katika Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri husimama utosini. Mtu yeyote anayepita barabarani saa hiyo huonyesha wazi ni sehemu zipi za uso zinazopokea mwanga na zipi, chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu, zinazobaki kivulini.

Jicho hupakwa kwa hatua tatu. Kwanza shimo lote hupakwa kahawia iliyokolea. Kisha mstari mfupi wa nyeupe iliyotiwa kahawia kidogo huwekwa katikati, ukiacha ukingo mweusi juu na chini. Mwisho huwekwa mboni, ambayo lazima iguse kope ya juu na ya chini, kwa kuwa mboni iliyozungukwa na weupe pande zote humpa shujaa sura ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Anayeshindwa kupata mboni mbili zinazotazama upande mmoja aanze na jicho lililo gumu kwake kulifikia, kisha alifuatishe lile jepesi.

Kwa ufupi: kwa ngozi nyeusi, mwanga hutoka kwenye machungwa na njano, kivuli hutoka kwenye bluu na zambarau, na nyeupe huachiwa macho na meno.

## Kufuta makosa

Sanamu safi inayotazamwa kwenye picha mara nyingi imepakwa vibaya na kurekebishwa mara kadhaa, jambo ambalo picha haiwezi kulisema. Rangi iliyovuka mpaka dakika hiyohiyo huondolewa kwa brashi safi yenye unyevu. Ikishakauka haifai kukwaruzwa, hufunikwa kwa rangi ya sehemu iliyochafuliwa. Kwa sababu hiyo kila rangi iliyochanganywa kwa mkono huhifadhiwa kidogo kwenye kichupa chenye kifuniko, kwa kuwa kuitengeneza upya ifanane kabisa ni kazi ngumu kuliko kupaka jicho. Pale rangi mbili zinapokutana na mpaka ukakataa kunyooka, mstari mwembamba wa kahawia iliyokolea, uliotiwa maji mpaka uteremke wenyewe kwenye mfereji, huzitenganisha na kuonekana kama kivuli kilichokusudiwa.

Kingo huangazwa kwa ubavu wa brashi, wala si kwa ncha. Ubavu ukivutwa juu ya ukingo wa upanga huacha mstari ulionyooka, kwa kuwa ukingo wenyewe ndio unaoongoza brashi.

## Vanishi

Sanamu ya kuwekwa kabatini inaweza kuishi bila vanishi, yaani utando usio na rangi unaolinda kazi. Sanamu ya mchezo au ya kuuzwa kwa wageni, itakayoshikwa na kila mpitaji kabla haijanunuliwa, haiwezi, kwa sababu jasho na mafuta ya vidole hula rangi ya akriliki kwanza kwenye pua na kwenye ncha za silaha. Vanishi inayong'aa ni ngumu kuliko isiyong'aa lakini hufuta vivuli vilivyopakwa kwa shida, kwa hiyo wenye uzoefu hupaka tabaka moja la inayong'aa, huliacha likauke usiku kucha, kisha huliondolea mng'ao kwa tabaka moja la isiyong'aa, wakiyaacha macho, meno na kifua cha gorila bila tabaka hilo la pili. Chupa ya vanishi isiyong'aa hutikiswa vizuri kabla ya kufunguliwa, kwani unga unaoiondolea mng'ao hutuama chini. Isipotikiswa, sehemu ya juu ya chupa hutoa vanishi inayong'aa kama ile nyingine, na iliyobaki chini huacha ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi.